Kufuma Kizibao cha Utepe Kisichorefuka Mwilini: Mwongozo Kamili kwa Joto la Pwani

Kizibao cha utepe, yaani kilichofumwa kwa uzi bapa kama mkanda mwembamba, hupendeza kikitoka kwenye sindano. Kinaishia nyongani, mabega yamekaa, na kwenye joto la Tanga upepo unapita kana kwamba hukuvaa kitu. Wiki ya pili kimeshuka mapajani, shingo imefunguka, na ncha ya utepe imechomoza ubavuni. Wanaopatwa na haya si wageni wa sindano. Wengi wao wameshafuma sweta za sufu za watoto, na zikatoka safi.

Tatizo ni kwamba wanaupima utepe kama sufu. Sufu ikivutwa hurudi. Utepe ukivutwa haurudi. Kwa hiyo vipimo vyote hapa chini vinachukuliwa baada ya kitambaa kufuliwa na kuning'inizwa, na ukiiruka hatua hiyo, hizo nyingine zote hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vipimo ni vya mtu mwenye kifua cha sentimita 90 hadi 94.

- Utepe wa kufumia, upana wa milimita 5 hadi 8, mabonge 4 ya gramu 50, kila bonge likiwa na mita 80 hivi. Nunua yote siku moja, na hakikisha namba ya rangi kwenye karatasi ya kila bonge ni ileile.
- Sindano za kufumia za milimita 8, za mti au mianzi.
- Sindano moja nene zaidi, milimita 9 au 10, ya kuanzishia na kumalizia tu.
- Sindano butu yenye tundu kubwa, sindano ya kawaida ya kushonea, na uzi wa cherehani wa rangi ya utepe.
- Sindano ya kroshia yoyote nyembamba.
- Vikwasi sita au zaidi (pini za kufungia nepi).
- Futi ya fundi cherehani.
- Ukanda wa sentimita 1 uliokatwa kwenye ukingo mrefu wa kanga kuukuu, ule ukingo usiofumuka. Urefu wa sentimita 25 unatosha mabega yote mawili.

Kuhusu sindano: za chuma huteleza, na utepe nao huteleza. Vikikutana, vitanzi kumi vinaweza kukuponyoka kabla hujageuza kazi. Tena hewa ya chumvi hutia kutu chuma kilichobanduka rangi, na kutu hiyo ni ngumu kutoka kwenye pamba. Sindano za mianzi zikiwa na vijiti vinavyokwaruza, zisugue kwa msasa laini kisha zipanguse na kitambaa kikavu. Ncha iwe ya mviringo kidogo. Ncha kali hutoboa utepe katikati badala ya kuingia kwenye kitanzi.

Ukikuta sindano za zamani zenye namba za Kiingereza, kumbuka kwamba kwenye mfumo ule namba ikiwa ndogo ndipo sindano inakuwa nene: milimita 8 ni namba 0, milimita 7 ni namba 2.

### Utepe upi ununue

Ukizunguka maduka ya vifaa vya ushonaji Ngamiani, mjini Tanga, utepe utakaouona kwanza ni ule wa satini wa kufungia zawadi na kupamba magauni. Huo si wa kufumia nguo. Ni mgumu, haunywi jasho, na kingo zake hukwaruza kwapani. Unafaa kupitishwa kwenye pindo kama pambo, basi.

Utepe wa kufumia ni laini, ukiuminya mkononi unajikunja bila kelele. Pamba ndiyo chaguo la kwanza kwa nguo ya mwilini. Pamba iliyochanganywa na nailoni kidogo ni nzuri pia, kwa sababu ni nyepesi na inakauka haraka. Viskosi inang'aa na inashuka vizuri, lakini hupoteza nguvu ikilowa na kurefuka zaidi ya pamba. Kwa mtu anayetoka jasho jingi miezi ya kaskazi, viskosi tupu ibaki kuwa ya mtandio.

Kuna wanaokata fulana za mitumba kupata utepe, na ni njia nzuri ya kupata mali kwa bei ndogo. Fulana kubwa isiyo na mshono ubavuni, yenye mzunguko wa sentimita 110, ikikatwa kuanzia chini ya kwapa kwa ukanda wa sentimita 2 mfululizo, hutoa mita 22 hivi. Ila ukanda huo ukivutwa hujikunja kuwa kamba, na kamba hiyo ni nzito. Fuma nayo mkoba au zulia dogo. Kizibao chake kitakuwa mzigo.

## Hatua ya 1: Jua utepe wako umetengenezwa na nini

Kama bonge halina karatasi, kata sentimita 5, ishike kwa koleo juu ya beseni la maji, uiwashe. Pamba na viskosi huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu.

Jibu hilo ndilo linaloamua namna ya kuzuia ncha zisifumuke. Utepe unaoyeyuka, isogeze ncha karibu na mwali wa mshumaa kwa sekunde moja, isiguse, nayo itajifunga. Utepe wa pamba au viskosi usiusogeze kabisa kwenye moto. Ukunje milimita 5 na uushone kwa uzi, au upake tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, uache ukauke.

## Hatua ya 2: Ufungue utepe kwa kuuzungusha, usiuvute kwa juu

Utepe uliojisokota unakuwa kamba, na kamba hufanya kitambaa kizito na chenye mashimo yasiyolingana. Msokoto huu wengi hudhani umetoka kiwandani, kumbe wameutia wenyewe. Kila unapouvuta utepe kutoka kichwani mwa kibiringo (kigurudumu unachozungushiwa utepe), mzunguko mmoja unaofunguka unaingiza msokoto mmoja.

Pitisha kijiti katikati ya kibiringo, kilaze kwenye kikapu, na uache kizunguke utepe ukitokea ubavuni. Kama umekuja kwa bonge, uzungushie kwanza kwenye kipande cha boksi, kisha ukigeuze kipande hicho kila unapohitaji utepe zaidi.

Halafu angalia mkono wako mwishoni mwa mstari. Watu wengi huigeuza kazi upande uleule kila mara, na baada ya mistari ishirini utepe umejisokota mara kumi. Mstari wa nje (unaofumwa uso wa nguo ukikuelekea) ukiisha, geuza kazi kuelekea kulia. Mstari wa ndani ukiisha, geuza kuelekea kushoto. Utepe unaopinda mara moja ndani ya kitanzi usiuhangaikie, hilo ndilo linaloupa kitambaa uhai. Kinachokatazwa ni ule uliosokotwa kama kamba ya katani.

## Hatua ya 3: Kipande cha majaribio

Hapa usiharakishe.

Anzisha vitanzi 24. Fuma mistari 32: mstari wa nje kwa vitanzi vya mbele (uzi uko nyuma ya kazi, sindano inaingia ikielekea nyuma), mstari wa ndani kwa vitanzi vya nyuma (uzi uko mbele, sindano inaingia ikielekea kwako). Kabla ya kuanza, pima utepe wa mita 25 na uweke alama mwishoni. Ukimaliza, pima uliobaki na utajua umetumia mita ngapi. Kwa sindano za milimita 8, tarajia mita 19 au 20.

Pima kipande, andika. Tuseme kimetoka sentimita 20 kwa 20.

Sasa kifue kama utakavyofua nguo, kikaushe kikiwa kimelala. Kikikauka, kibane kwa vikwasi kwenye kijiti upande wa juu. Upande wa chini ning'iniza bonge moja jipya la gramu 50 ndani ya kijifuko cha kitambaa, likiwa limebanwa kwa vikwasi vitatu ili uzito ugawanyike. Kiache saa 24.

Kwa nini gramu 50? Paneli moja ya kizibao hiki, yaani kipande cha mbele au cha nyuma, ina gramu 70 hivi, na uzito huo wote unashikwa na mabega mawili yenye upana wa jumla wa sentimita 19. Kipande chako kina upana karibu huohuo na uzito wake mwenyewe wa gramu 12. Bonge likiongezwa, unakaribia mzigo halisi wa bega.

Kishushe, kilaze bila kukivuta, upime tena. Kipande kilichokuwa 20 kwa 20 sasa ni kama sentimita 18.8 upana na 23 urefu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafikisha wengine mapajani.

Kikirefuka zaidi ya sentimita 4, teremka sindano ya milimita 7 na urudie. Kikiwa kigumu kama mkeka na hakikurefuka hata kidogo, umekaza mno; kizibao kitakuwa na joto. Kipande kizuri ukikiinua mbele ya dirisha unaona mwanga kati ya vitanzi, na ukikikunja kinaanguka chenyewe.

## Hatua ya 4: Hesabu

Tumia namba zilizopatikana baada ya kuning'iniza.

Upana: paneli moja iwe sentimita 50. Vitanzi 24 vimetoa sentimita 18.8, kwa hiyo 50 ÷ 18.8 × 24 ni 64 (63.8). Ongeza 2 vya mshono wa ubavuni: 66.

Urefu: sentimita 54 kutoka begani. Mistari 32 imetoa sentimita 23, kwa hiyo 54 ÷ 23 × 32 ni 75. Tutaweka mistari miwili ya vitanzi virefu, ambayo kila mmoja huongeza sentimita 1.5 hivi, kwa hiyo tunaondoa 4 na kukamilisha kuwa 72.

Anayekadiria kwa kipimo cha kwanza angefuma mistari 86. Ikishaning'inia, hiyo ni karibu sentimita 62. Nane zaidi, kabla hata ya jasho na kufua.

Namba zako zikitofautiana na hizi, badilisha zako. Usilazimishe kitambaa kifuate karatasi.

## Hatua ya 5: Kuanzisha na pindo

Anza na paneli ya nyuma. Anzisha vitanzi 66 kwa sindano nene, kisha hamia kwenye za milimita 8. Mwanzo uliokaza hukusanya pindo kama mdomo wa gunia, na utepe hautalegea baadaye kama sufu.

Fuma mistari 4 yote kwa vitanzi vya mbele. Mistari hii inazuia pindo lisijikunje kwenda juu. Ukilaza kazi mezani na pindo likabaki chini bila kushikwa, endelea.

## Hatua ya 6: Mwili, na vitanzi virefu

Kuanzia mstari wa 5, nje vitanzi vya mbele, ndani vitanzi vya nyuma.

Mstari wa 13, fuma kila kitanzi kwa kuzungusha utepe mara mbili kwenye sindano badala ya mara moja. Mstari wa 14, fuma kila kitanzi na uuachie ule mzunguko wa ziada udondoke. Vitanzi vinakuwa virefu na utepe unaonekana wote, bapa, unang'aa. Rudia kwenye mstari wa 21 na 22. Ukimaliza kila mara, shika pindo la chini na ulivute kidogo ili vilingane.

Watu hupenda kuweka vitanzi virefu kifuani kwa sababu ndipo macho yanapotua. Usifanye hivyo. Mstari ulio juu hubeba uzito wa yote yaliyo chini yake, na kitanzi kirefu ndicho kinachorefuka kwanza. Vikiwa karibu na pindo, havina cha kubeba.

Kila baada ya mistari 10, pitisha uzi wa cherehani kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, uuache humo. Kazi ikiponyoka, itafumuka hadi kwenye uzi huo na kusimama. Kitanzi kimoja kikidondoka, kitie kikwasi papo hapo kabla ya kufikiria jambo lolote.

Endelea hadi mstari wa 44.

### Kuunga bonge jipya

Usifunge fundo. Fundo la utepe hufunguka, na lisipofunguka huonekana kama kokoto chini ya kitambaa. Unga ukingoni tu, kamwe si katikati ya mstari, hata kama itakubidi kukata mita moja.

Laza ncha ya zamani juu ya mpya kwa sentimita 3, zote zikiwa bapa, uzishone kwa uzi wa cherehani mishono kumi au kumi na miwili midogo. Vuta kwa nguvu. Isipoteleza, fuma juu yake. Kiungo kitazama kwenye mshono wa ubavuni.

## Hatua ya 7: Kwapa na mgongo

Mstari wa 45: funga vitanzi 4 mwanzoni (yaani vimalizie, vitoke kwenye sindano). Mstari wa 46: funga 4 mwanzoni. Vinabaki 58.

Mistari ya 47, 49, 51, 53 na 55: fuma viwili kwa pamoja kila upande, ukiacha kitanzi kimoja cha ukingoni. Vinabaki 48, ambavyo ni sentimita 37 na nusu hivi kutoka bega hadi bega.

Fuma bila kupunguza hadi mstari wa 72, kisha funga vyote kwa sindano nene. Kufunga kuwe legevu. Shingo ikikaza, kichwa hakipiti.

## Hatua ya 8: Paneli ya mbele

Ni ileile hadi mstari wa 58. Mstari wa 59: fuma 18, funga 12 vya katikati, fuma 18. Vile 18 vya upande mmoja vitie kwenye uzi wa akiba.

Upande uliobaki kwenye sindano, punguza kitanzi kimoja upande wa shingo katika mistari ya 61, 63, 65, 67, 69 na 71. Vinabaki 12. Fuma mstari wa 72, funga. Fanya upande wa pili vivyo hivyo kwa kuanzia na utepe mpya shingoni, na ncha yake uishone ndani mara moja, isisubiri.

Laza paneli mbili moja juu ya nyingine. Mabega yalingane, makwapa yalingane. Upande mmoja ukizidi kwa mstari mmoja, hesabu tena kabla ya kushona. Mara nyingi ni mstari mmoja uliosahaulika shingoni.

## Hatua ya 9: Kuunganisha

Shona kwa uzi wa cherehani, si kwa utepe. Mshono wa utepe huvimba na kukwaruza chini ya mkono.

Anza na mabega. Shona, kisha laza ukanda wa kanga ndani juu ya mshono na uushone kingo zote mbili. Nyuzi za ukingo wa kanga hazinyumbuki, kwa hiyo bega linabaki sentimita 9 na nusu miezi yote. Bila ukanda huo, bega hutanuka hadi lidondoke mkononi, na hakuna ufuaji utakaolirudisha.

Mbavu zishone ukichukua kitanzi kimoja kila upande. Mshono usikaze, ukivuta ubavu, uzi usikatike.

Shingoni na kwenye makwapa piga bandi (mshono mwepesi wa mkono) ya uzi wa cherehani upande wa ndani, kitanzi kwa kitanzi. Vaa kabla ya kufunga uzi. Shingo ikipita kichwani na kurudi kukaa mahali pake, funga.

## Kama hujawahi kushika utepe, anza na mtandio

Vitanzi 30, sindano za milimita 9 au 10, mistari 6 ya kawaida kisha mmoja wa vitanzi virefu, na ukingo wa vitanzi 3 vya mbele kila upande katika kila mstari ili usijikunje. Mabonge mawili yanatosha. Fuma hadi bonge la pili libaki na mita 2, kisha funga. Hauna bega, hauna shingo, na ukirefuka ni faida.

## Kufua na kukausha

Maji baridi na sabuni ya maji kidogo. Zamisha, minya, suuza. Usifikiche, usikamue kwa kusokota. Ukirudi nacho kutoka ufukweni Raskazone, Tanga, suuza chumvi siku hiyohiyo.

Kifungie ndani ya taulo, kanyaga taulo kwa miguu mikavu, kisha kilaze kwenye chanja au mkeka kivulini penye upepo. Kamba ya kuanikia ni marufuku: utepe uliolowa ni mzito, na kuning'inia na maji hukirefusha sana. Wakati wa masika kinaweza kuchukua siku mbili. Kigeuze kila nusu siku kisinuke uvundo.

Kitanzi kikinaswa na bangili au kitasa, usikate. Kivute kwenda upande wa ndani kwa sindano ya kroshia, kisha nyoosha vitanzi vya jirani kimoja kimoja mpaka kile kirefu kimezwe.

Kikunje mara tatu na kikae kwenye rafu, juu ya nguo nyingine zote.